Shajara ya mradi: mashine ya kuchora maua kwa vyuma vya Meccano

Jumamosi, 11 Januari 2025

Shemeji amerudi likizo kutoka Liverpool, anakofanya kazi ya uuguzi, na kwenye sanduku lake la pili mlikuwa na kasha la mbao la kilo saba. "Hili la wanao," akasema. Alilinunua kwenye gulio la vitu vilivyotumika. Aliambiwa ni Meccano, vyuma vya watoto vya kuunganisha kwa bolti na nati, akalipa bila kulifungua. Mwanangu mkubwa alilitazama kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akarudi kwenye simu yake. Binti yangu wa miaka tisa alichagua magurudumu manne mazuri mazuri akaondoka nayo. Yaliyobaki yakawa yangu, mtu wa miaka 46 mwenye mvi za kutosha.

Mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama kweli nitakaa nacho mezani. Nimemwambia ni cha watoto.

Jumapili, 12 Januari

Leo nimehesabu. Mimi ni mhasibu, siwezi kuanza kazi bila orodha ya mali. Kuna pau nane za pembe zenye matundu 25 kila moja, vipande bapa vya kila urefu (sikuhesabu, nililala), sahani moja ya duara ya inchi 6, na kopo la maziwa ya unga lililojaa bolti na nati. Gia ndizo zilizonifurahisha: za shaba ya manjano, nzito kwa udogo wake. Zipo za meno 19 mbili, meno 25 mbili, meno 50 moja, meno 57 moja, na moja kubwa ya meno 95. Pia kuna mnyororo mwembamba kama mkufu wa mtoto na gia zake.

Rangi hazilingani. Baadhi ya vyuma ni vyekundu na kijani, vingine njano na nyeusi, maana kiwanda kilibadilisha rangi kila baada ya miaka kadhaa, na inaonekana kasha hili limepita mikononi mwa watu wasiopungua wawili. Lakini chuma chekundu cha zamani kinaingia kwenye cha njano bila ubishi. Kutoka tundu hadi tundu ni nusu inchi, na imekuwa hivyo tangu 1901, mwaka ambao Frank Hornby, mtu wa hukohuko Liverpool, alisajili hataza yake. Huyu Hornby alikuwa karani katika biashara ya kuagiza nyama, akawa anakata vipande vya chuma nyumbani na kuwatengenezea wanawe winchi na madaraja. Mwanzoni aliviita Mechanics Made Easy. Jina la Meccano lilikuja 1907. Kiwanda chake cha Binns Road kilifungwa 1979. Karani wa vitabu vya hesabu anayecheza na vyuma usiku: nimejisikia nimepata ndugu.

Utoto wangu mimi ulikuwa wa magari ya waya, magurudumu tukiyakata kwenye ndala zilizochakaa na wakati mwingine ambazo hazijachakaa. Kwa zile za mama nilichapwa.

Jumatano, 15 Januari

Kutu. Ndimu sita, maji kidogo, beseni la plastiki, usiku mmoja. Asubuhi kutu inatoka kwa mswaki wa zamani. Kisha kukausha juani upesi kabla haijarudi, halafu mafuta ya cherehani. Gia za shaba sikuziweka kwenye ndimu, nilizisugua kwa dawa ya meno tu. Mke wangu anauliza ndimu za pilau ziko wapi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeamua nitakachojenga. Si winchi. Winchi za kweli naziona kila siku nikipita Kurasini, karibu na bandari ya Dar es Salaam, sina hamu ya kuwa nayo nyingine mezani. Nitajenga mashine ya kuchora, ambayo wapenzi wa Meccano wanaiita meccanograph, mchezo wa tangu enzi za babu zetu. Unazungusha mkono wa mashine, yaani kishikio chake, sahani yenye karatasi inazunguka taratibu, na kalamu inakwenda mbele na kurudi nyuma juu yake. Mizunguko miwili hiyo ikichanganyika, hutoka ua.

Jambo lililonikaa kichwani ni kwamba ua lote limo ndani ya hesabu ya meno. Gia ya meno 19 ikiizungusha ya meno 57, ya kwanza inazunguka mara tatu wakati ya pili inazunguka mara moja. Ukiongeza ya 25 kwenye ya 50, unapata mara mbili zaidi. Tatu mara mbili ni sita. Kalamu itakwenda na kurudi mara sita kwa kila mzunguko mmoja wa sahani, na ua litakuwa na petali sita, hakuna namna nyingine. Jozi zote mbili zinakaa vizuri kwenye matundu yaliyoachana inchi moja. Aliyepanga haya alikuwa anafikiri.

Jumamosi, 25 Januari

Fremu imesimama. Pau nne chini, nne juu, nguzo za vipande vifupi pembeni. Ekseli zote nimezisimamisha wima na gia zote zimelala kama sahani kabatini, ili nisihitaji gia za kugeuza mwelekeo, maana sina.

Nimejifunza kutokaza bolti mpaka zote ziwe zimeingia. Ukikaza moja moja, fremu inakuwa kama kitanda cha kamba kilichopinda upande. Nimekaza, nimelegeza, nimekaza tena. Bisibisi imenitia lengelenge kwenye kiganja.

Jumamosi, 1 Februari

Siku ya hasara. Bolti zilipungua, nikaenda mtaa wa Gerezani na moja mfukoni kama sampuli. Duka la kwanza wakanipa M4. Kwa macho ni zilezile. Nikanunua thelathini, nikarudi nyumbani, na kwenye fremu zilikwenda sawa, kila moja na nati yake. Nikajiona mjanja. Ndipo nikachukua M4 nyingine fupi nikaitia kwenye shingo ya gia ya meno 50, pale panapoingia ile skrubu ndogo inayoibana gia kwenye ekseli. Iliingia mzunguko mmoja na nusu, ikakataa. Nikailazimisha kwa koleo. Ikaingia kwa sauti ambayo sitaisahau, na meno ya ndani yakafa yote.

Nikarudi Gerezani mchana huohuo na gia mkononi. Safari hii nilimtafuta mzee mmoja wa vyuma ambaye amekaa pale tangu sijaanza shule. Aliiweka gia kwenye mwanga, akanitazama kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa.

"Mwanangu, hii ni ya inchi, ya Mwingereza. Wewe umeiletea milimita. Hawaoani hawa."

"Shikamoo mzee, lakini unene wake ni uleule."

"Marahaba. Unene ni uleule, hatua siyo."

Ndivyo ilivyo. Bolti ya Meccano ya zamani ni ya tano ya thelathini na mbili ya inchi, yaani milimita 3.97, na ina meno 32 kwa kila inchi. Hiyo ni hatua, yaani umbali kutoka jino hadi jino, ya karibu milimita 0.8. M4 ina unene wa milimita 4 na hatua ya milimita 0.7. Zinadanganyana mzunguko mmoja, kisha zinagombana. Mzee alinionyesha kitu ambacho mimi na macho yangu ya leja sikukiona: shingo ya gia ina matundu mawili yanayotazamana. Limekufa la upande mmoja, la pili li hai. "Waliokutengenezea walijua utakuja," akasema.

Alinipa pia ekseli, maana nilikuwa nimepungukiwa moja ndefu. Alichukua kijiti cha kuchomelea cha milimita 4, akapasua unga wake kwa nyundo, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa. Hakutaka hela. Nikamnunulia soda.

Jumapili, 9 Februari

Ua la kwanza, saa nne usiku, kwa kalamu ya shilingi 500.

Ni aibu. Petali sita zipo, hilo kweli. Lakini nilizungusha mkono mara sitini ili kalamu ipite njia ileile mara kumi, na badala ya mstari mmoja nimepata utepe wa milimita mbili unaotetemeka, kama saini ya mtu anayeandika ndani ya daladala. Zaidi ya hapo, petali ya pili na ya tano zina kigongo. Kigongo kilekile, mahali palepale.

Mwanangu alipita akasema, "Baba, si ungechora tu kwa mkono?"

Jumamosi, 15 Februari

Nimekaa na lile karatasi baya siku tano na sasa nalipenda. Mashine hii ni mkaguzi wa hesabu. Kila nilicholegeza, kila nilichobana vibaya, kalamu inakiandika bila haya. Kazi yangu ni kuisoma tu.

Anza na kigongo. Kipo kwenye petali ya pili na ya tano: kinarudi kila baada ya petali tatu. Petali moja ni mzunguko mmoja wa mkono. Kama ubovu ungekuwa kwenye gia ndogo iliyo kwenye ekseli ya mkono, ungejitokeza kwenye petali zote. Kama ungekuwa kwenye gia ya 50 chini ya sahani, ungejitokeza mara moja tu kwa ua zima. Kinachozunguka mara moja kwa kila petali tatu ni ekseli ya katikati peke yake, yenye gia ya 57 juu na ya 25 chini. Nikazifungua zote mbili nikazipitisha ukucha jino kwa jino. Kwenye ile ya 57, jino moja limelazwa kidogo, pengine mtoto wa Kiingereza wa miaka ya hamsini aliiangusha sakafuni. Nimelinyoosha kwa tupa ndogo ya funguo, nikipiga mara tatu na kujaribu, mara tatu na kujaribu. Kigongo kimekwisha.

Nilipiga kelele ya furaha, mbwa wa jirani akajibu.

Jumapili, 16 Februari

Utepe bado. Nimeshika sahani kwa mkono, mkono wa kuzungushia nimeufunga usiende popote, na sahani bado inacheza kushoto kulia. Mafundi wa magari wana neno moja tu kwa jambo hili, kucheza, na sasa naelewa ugonjwa wangu: huu ni mchezo wenye mchezo ndani yake.

Nimepata vyanzo vitatu. Cha kwanza, ekseli ya sahani ilikuwa imeshikwa na tundu moja tu, kwa hiyo iliyumba kama mnazi. Nimeongeza bamba la pili chini ili ishikwe mahali pawili palipoachana inchi mbili na nusu. Cha pili ni zawadi ya mzee. Ekseli halisi ya Meccano ina unene wa milimita 4.06. Kijiti cha kuchomelea ni 4 kamili. Sita ya mia ya milimita, unywele tu, lakini kwenye ukingo wa sahani unywele unakuwa kidole. Nimekihamishia kwenye mkono wa kuzungushia ambako hakidhuru, na sahani nimeipa ekseli ya asili. (Mzee hatajua.)

Cha tatu sijakipata dawa. Meno ya gia lazima yaachiane nafasi kidogo, la sivyo yatakwama. Nafasi hiyo ndiyo inayoiruhusu sahani kurudi nyuma kila kalamu inapogeuka na kuivuta.

Jumamosi, 22 Februari

Dawa ni breki. Nilidhani sahani inatakiwa iwe nyepesi. Kumbe inatakiwa kuwa nzito kidogo. Nimefunga puli chini ya sahani, nimeipitishia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na kukivuta mpaka kinaburuza. Sasa gia inasukuma muda wote upande mmoja wa jino na sahani haipati nafasi ya kujirudi. Pia sheria ya nyumba: mkono unazungushwa kulia tu. Ukirudisha nyuma hata robo mzunguko, umeharibu karatasi.

Mizunguko sitini. Mstari mmoja. Ukiukaribia sana unaona ni mnene kidogo kuliko wino wa kawaida, basi. Nimeubandika ukutani juu ya ule wa kwanza.

Mwaka 1934 wanasayansi Douglas Hartree na Arthur Porter, kule Manchester, walijenga kwa Meccano mashine ya kutatua milinganyo ya kalkulasi, na sehemu yake imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Science Museum, London. Kabla ya wiki hii nilikuwa nasoma habari hiyo kama kichekesho. Sasa najiuliza walifanya nini na gia zao zinazocheza.

Machi

Ramadhani, na mwezi wa kufunga vitabu vya robo mwaka. Sikugusa kitu ila kupaka mafuta mara moja, maana masika yameanza na unyevu wa huku kwetu haungoji.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikukuu imepita, narudi mezani. Tatizo la ua la petali sita ni kwamba likishakamilika, limekamilika. Kalamu inarudia njia yake milele. Maua ya kwenye picha za wakongwe yana mamia ya mistari inayopishana kama ukili. Ili upate hayo, hesabu isigawanyike sawasawa, kalamu ikimaliza mzunguko ijikute pembeni kidogo ya ilipoanzia.

Ndipo mnyororo unapoingia. Gia zake zina meno 14, 18, 28, 36 na 56. Jaribu 18 ikizungusha 56: ni tatu na kitu, isiyo kamili. Ukiiunganisha na ile ya 25 kwa 50, jumla ni 56 kwa 9. Maana yake sahani lazima izunguke mara tisa kabla kalamu haijarudi ilipoanzia, na kwa muda huo itakuwa imechora petali 56. Niliifanya hesabu hii nyuma ya risiti nikiwa kwenye foleni ya benki, na aliyekuwa nyuma yangu akadhani nahesabu deni.

Mnyororo wenyewe una kiburi. Kwa kuwa umelala, uzito wake unauvuta chini na unateleza kutoka kwenye meno. Umeanguka mara nane leo.

Jumapili, 6 Aprili

Gia mbili za mnyororo hazikuwa kwenye kimo kimoja, moja ilikuwa juu ya mwenzake kwa unene wa washa mbili. Nimesawazisha kwa kuziwekea rula juu. Kisha puli ndogo ya kusukuma mnyororo kwa ndani, kama ile ya kwenye pikipiki. Haujaanguka tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Binti yangu ameomba kuzungusha. Nimempa kazi ya kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kufika ishirini karatasi ilikuwa fujo tu. Arobaini, bado fujo, akaanza kuchoka. Kuanzia hamsini mistari ikaanza kuingia kwenye nafasi zilizobaki, mmoja baada ya mwingine, na sote wawili tukanyamaza ila yeye kuhesabu. Hamsini na nne. Hamsini na tano. Hamsini na sita, na kalamu ikakanyaga nukta ya kuanzia.

"Baba, imejuaje?"

Nikamwonyesha meno. Amezihesabu gia zote za kasha mwenyewe, na ameziandika.

Kwa rekodi: wino wa jeli unapendeza kuliko wa kawaida, lakini ukisimama hata kidogo unaacha doa. Kalamu ya kawaida inahitaji uzito. Nimeifungia nati tatu kwa selotepu. Karatasi laini sana inateleza kwenye sahani, ibanwe pande nne.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimejaribu mota ya printa iliyokufa ofisini. Inatikisa meza nzima. Nimeing'oa.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya Muungano, mvua kutwa, hakuna umeme tangu asubuhi, na mashine ya mkono haijali umeme. Tumechora maua kumi na moja. Ya 36 kwa 14 pamoja na mara mbili inatoa petali 36 katika mizunguko saba ya sahani, na naiona nzuri kuliko ya 56, ina hewa zaidi. Nikisogeza pini ya kalamu tundu moja kuelekea katikati, petali zinakuwa fupi na nene. Nikisogeza egemeo la mkono wa kalamu, tundu la katikati ya ua linazibika na mistari inapishana juu ya kitovu. Hesabu ya meno inatoa idadi tu. Umbo ni la matundu.

Jumamosi, 3 Mei

Mke wangu, ambaye tangu Januari hajasema neno jema kuhusu meza hii, alikuja jana usiku akasimama mbele ya ukuta. Yeye hutarizi vitambaa vya meza kwa oda. Aliyatazama maua moja moja, akalibandua lile la 36, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hili mji wa kanga kabisa," akasema. "Lakini kwa sindano ni jingi mno, nitapofuka. Nifanyie lenye petali kumi na mbili. Nitalipitisha kwa kaboni kwenye kitambaa."

"Kumi na mbili sina."

"Baba watoto, una kilo saba za vyuma."

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Tatu ni 19 kwa 57. Mbili ni 25 kwa 50. Inatakiwa mbili nyingine, na gia ya 50 ninayo moja tu, tena iliyokufa meno upande mmoja. Nimezunguka na hesabu hiyo mpaka chai ikapoa. Kisha nikakumbuka mnyororo: 28 kwa 14. Ya meno 28 iko hapa mbele yangu. Ya 14 haimo kashani, na kwenye orodha ya binti yangu imeandikwa, kwa mwandiko wake, "yangu, gari la mdoli". Nasubiri aamke tufanye mazungumzo.